Mialoni Kwenye Tundra

Niliondoka Makete kwa sababu ya kinamasi. Juu kule kwetu ni nyasi tupu, nami nilitaka kujua kama zamani palikuwa na msitu. Udongo wa kinamasi hutunza chavua ya maua miaka na miaka, na anayejua kuisoma hujua nini kiliota. Chuoni Dar wakaniambia nikajifunze Minneapolis, kwa udongo uliotoka tundra ya Alaska, nchi ya baridi isiyo na miti. Nikifaulu, kinamasi cha kwetu nitakabidhiwa mimi.

Aprili nikafika Blaine, kitongoji cha Minneapolis, kwa dada Suma, nesi mwenyeji wa Mbeya. Alinipokea vizuri, ila alifanya kazi usiku na kulala mchana. Mtaani gari linaingia gereji, mlango unashuka, basi. Nilikaa siku nzima bila wa kumwambia habari za leo. Upweke ulinitafuna, nisidanganye mtu.

Maabara ilikuwa mjini, na huko nako kila mtu na hadubini yake, kimya. Nikazoea kuzisalimia chavua: shikamoo nyasi, shikamoo mierebi isiyofika gotini.

Mwezi wa tano nikaona chavua ya mialoni. Miti mikubwa, Alaska! Nikamkimbilia profesa. Akachungulia kwenye hadubini.

“Hizi zimejaa ndani,” akasema. “Za kale hubaki maganda. Hizi ni za wiki hii. Koti lako la maabara linaanikwa wapi?”

Nikanywea. Udongo wa tabaka lile nililokuwa nikilisoma ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni kile kioo cha hadubini nilichoupaka, nacho kimechafuka.

Jioni nikamuuliza Suma.

“Si nilikufulia, mdogo wangu? Nikakuanikia uani, lipate jua. Hiyo dryer, mashine ya kukaushia, inaua nguo.”

Nyuma yake, dirishani, mwaloni ulikuwa umechanua. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi.

“Asante, dada,” nikasema.

Nilirudia kuhesabu kioo kile chote, zilizojaa nikiziweka kando, maganda nikiyaandika. Msitu haukuwepo. Profesa aliyakubali majibu yangu, nikarudi nyumbani.

Sasa nachimba kinamasi cha kwetu, peke yangu kwenye ukungu. Nimejifunza kuijua chavua ngeni, lakini kioo kile niliomba nije nacho. Zile za mialoni ziliwekwa pale na mtu aliyenijali.

Suma hupiga simu.

“Koti anakufulia nani huko?”

“Hakuna, dada.”