Kijana wa Murungu Arudishwa Titye

Simu ilipoita, Ernesta alikuwa nyuma ya nyumba yake kijijini Titye, akipepeta maharage. Namba hakuijua.

"Wewe ndiye dada wa Didas?" mwanamke aliuliza. "Naitwa Rabia, muuguzi, huku Kibondo. Keti kwanza, dada."

"Nimekaa," akasema Ernesta, naye amesimama.

"Alikuja jana peke yake kwa bodaboda, homa imempanda mno. Tumehangaika naye. Alfajiri Mungu amemchukua."

Ungo ukamponyoka. "Ee Imana!" alimwita Mungu kwa Kiha.

Kwa baba yao, marehemu mzee Bazilio, walikuwa wamebaki wao wawili tu. Didas alipomaliza kidato cha nne alihamia Kibondo, akapanga chumba Murungu, na tangu mwaka 2012 akawa msaidizi wa Safina, binti wa Tanga aliyesoma chuo kikuu. Safina alichunguza jinsi watu wa mpakani wanavyojitaja mtandaoni: nani Mtanzania, nani Mrundi, na ni nani wa kuamua. Nyumbani hawakuielewa kazi hiyo. "Wenzake wanalima mihogo, yeye analima simu," shangazi zake walicheka.

Krismasi moja Ernesta alimwuliza, "Hasa unafanya nini?"

"Nakaa na watu, dada. Ukiwapitia na maswali tu, watakwambia unachotaka kusikia. Unakaa nao mpaka wakuzoee."

"Wako wapi hao?"

Didas akainua simu. "Humu. Kundi zima. Wananiamkia kabla jogoo hajawika."

"Na ukiugua, uji wataupitisha humo?"

Alicheka, akairudia simu yake.

Kwao mtu huzikwa na aliokaa nao. Mtu akizikwa na ndugu tu, watu hurudi makwao wakinong'ona kwamba huyo alipita duniani bila kukaa na mtu. Ernesta hakutaka mdogo wake asemwe hivyo. Mwili ulipofika jioni, alimwendea jirani yake, mwalimu Zena, aliyekuwa mwanachama wa kundi lile, akamwomba aandike: Didas Bazilio wa Titye amefariki. Aliyekaa naye aje tumzike.

Majibu yalikuja upesi. Pole, ila ni nani huyo? Dada, umekosea kundi. Mwingine akauliza kama marehemu alikuwa Simba au Yanga.

"Hawamjui," Ernesta alisema. "Miaka yote hiyo, hawamjui!"

Akampigia Safina, aliyekuwa Dar es Salaam. Safina alilia kwanza, ndipo akaeleza. "Dada, kule hakuna Didas. Aliwaambia wazi kwamba anasaidia utafiti, lakini majina tunayaficha, mtu asije akadhurika kwa aliyoyasema. Hata yeye alificha lake."

"Anaitwaje kule?"

"Niliahidi sitamtajia mtu. Lakini wewe ni damu yake. Kijana wa Murungu."

Zena alipoandika jina hilo, simu haikutulia. Waliokuwa wakiitana wakimbizi na wasaliti tangu asubuhi wakaacha matusi, wakaandika sala. Ernesta akamwambia, "Waulize nani anakuja." Mmoja alikuwa Mwanza. Mwingine Bujumbura. Wengine hawakujibu.

Kesho yake kaburi lilikuwa tayari mapema. Katekista Pasikali akamsogelea taratibu. "Mama Ernesta, tungoje mpaka saa nane. Zaidi ya hapo mwili hautavumilia."

Saa nane ilipokaribia, bodaboda ilisimama njiani, akashuka mwanamume mwenye vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

"Hodi. Ndipo kwa Kijana wa Murungu? Mimi Reverien, natoka Kumsenga."

"Ulikaa naye?" Ernesta aliuliza.

"Miaka miwili, mama, kila siku. Siku moja nilimchokoza, nikamwambia ninyi Waha ni Warundi mliosahau njia ya kurudi."

Shangazi mmoja akaguna. "Ehe! Naye akakujibu nini?"

"Akasema, karibu unionyeshe njia, lakini tule kwanza."

Watu wakacheka, kisha wakaona haya kucheka. Reverien alivua kofia. "Sijawahi kumwona. Naomba nimwone."

Pasikali akafunua jeneza. Yule mgeni akainama, akamtazama usoni.

"Nilidhani ni mnene," akasema polepole, akajifuta macho kwa kofia.

Wakafunika. Vijana wanne walilibeba jeneza hadi kando ya kaburi la mzee Bazilio, wakaliteremsha kwa kamba. Pasikali alisoma masomo, akamwombea raha ya milele. Ernesta alitupa udongo, akafuata Reverien, kisha shangazi, na wengine. Wanaume wakafukia kwa majembe, akina mama wakiimba. Msalaba wa mbao ukasimikwa, umeandikwa jina lake la ubatizo, Didas. Reverien alikunywa maji, akaaga, kwa kuwa Kumsenga ni mbali. Waombolezaji wakatawanyika kidogo kidogo. Ernesta alibaki amepiga magoti, akamaliza rozari yake, akaingia ndani.