Nilivyoanika Dagaa Kisiwa cha Ndege

Sasa hivi nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia mzima mzima, na kabla hamjaanza kunisema naombeni mjue kwamba mimi Mama Bwire tangu nimalize la saba sijafanya kazi nyingine zaidi ya kuanika dagaa hapa mwaloni, boti za wavuvi zinaposhushia, na kuanika dagaa nusu yake ni kufukuza ndege.

Kazi niliyokuwa naitafuta ilikuwa ya kuongoza wageni kwenye kile kisiwa cha mawe mbele ya kisiwa cha Rukuba, kile kinacholindwa, ambako hakuna anayelala wala anayevua, ni mazalia ya ndege tu. Afande Magesa, msimamizi wa pale, alinipa siku moja ya majaribio. Nikifanya vizuri ananiajiri, mgongo wangu unapumzika. Masharti alinipa tukiwa bado Musoma: chakula hakishuki kisiwani, na hakuna kelele. Nikaitikia, "Sawa, afande."

Sasa jana yake mvua ilikuwa imenyesha, dagaa zangu hazijakauka, na zikilala siku nyingine zinaoza (harufu yake mnaijua). Nikajiambia kule kuna mawe na jua la bure, nani ataona? Nikazijaza kwenye mkoba, juu nikafunika na sweta.

Tulipofika, afande akatangulia na wageni sita wenye kamera ndefu, wananyata kama wezi, mimi nikabaki nyuma eti nafunga kiatu (nilivaa ndala!), nikazianika chapchap juu ya jiwe halafu nikawafuata. Jamani, palikuwa pazuri! Yangeyange weupe kila mahali, mayai, makinda yanalia njaa, kiboko anapumua pembeni, mpaka nikasikia raha, nikasema kweli nimezaliwa ziwani na hawa ndege sijawahi kuwaangalia, nawatukanaga tu.

Nikageuka, nikaona watatu wametua kwenye dagaa zangu.

Sikufikiria. Miguu ilienda yenyewe, khanga ikatoka kiunoni, nikaipunga hewani na ile sauti ya mwaloni, "Haaa! Tokeni hapo, wezi wakubwa nyie!" huku nagonga jiwe na ndala. Kisiwa kizima kikaruka. Juu kukawa kweupe, vinyesi vikaanza kushuka kwenye kofia na kamera, mama mmoja mgeni akateleza akakaa majini, na mayai yote yakabaki wazi kwenye jua la saa sita.

Bora afande angenifokea. Alisema taratibu tu, "Mama Bwire, mayai yakikaa hivyo yanakufa." Kazi nilishaizika, lakini yale mayai yalinikosea nini? Nilitaka kulia.

"Rudini kwenye boti," akawaambia wageni.

"Hapana, afande," nikasema, nikajishangaa mwenyewe. "Tukitembea hawashuki. Kaeni hapo hapo, mjifunike, msiwaangalie. Ndege akikuona unamtazama hatui."

"Umejuaje?"

"Nimepigana nao miaka ishirini."

Akanitazama, halafu akakaa. Wote wakakaa. Yule mama aliyelowa nikamfunika na khanga yangu, kisha nikatambaa kwa magoti nikazoa dagaa zote, maana zingebaki wangeenda huko badala ya kwenye viota. Tukatulia. Akashuka mmoja, wawili, mara wanashuka makundi kwa makundi, kila mmoja anajua mayai yake, wengine hatua mbili tu kutoka tulipokaa. Wageni wakapiga picha huku vinyesi vimewakaukia kichwani, wanatabasamu kama watoto. Mimi machozi yalinitoka kwa furaha, sifichi.

Kwenye boti nikawa nangoja kufukuzwa. Afande akasema, "Umevunja masharti yote mawili kwa mkupuo. Kesho kutwa saa moja asubuhi uwepo, ila mkoba wako nitaukagua mwenyewe."

Dagaa sitapeleka tena kule hata mvua inyeshe mwezi mzima, nimeapa. Na mkoba anaukaguaga mpaka leo, mbele ya wageni, anatoa kitu kimoja kimoja mpaka kitana, na mimi namshikia sweta nimeinamisha kichwa.