Tochi Iliyonificha Alfajiri

Kosa ni langu, na nimelibeba tangu Ramadhani iliyopita. Nikikaa nainuka, nikilala nageuka. Leo nalisema mbele yenu.

Mimi ni mzee wa chuo, nasomesha Kurani katika kambi ya mkonge nje kidogo ya Kilosa. Kila Ramadhani kazi yangu ni kutoka uani wakati wa daku na kutazama mashariki. Weupe wa alfajiri ukichomoza napiga debe, na kambi nzima inaacha kula. Wakata mkonge hawana saa. Saa yao ni macho yangu.

Sasa sikilizeni upumbavu wa mtu mzima! Nilishikwa na wazimu wa tochi. Kila nilipopata nafasi nilikwenda dukani karibu na stesheni kuuliza imekuja ipi mpya.

"Mwalimu, ile ya mwezi uliopita hujaizoea bado!" mwenye duka alinicheka. Kisha akatoa nyingine, fupi kama kiganja changu, ambayo ukizungusha kichwa chake mwanga unajikusanya kuwa mstari mmoja mkali. Nikaitia mfukoni mwa kanzu. Njia nzima mkono haukutulia.

Rafiki yangu Issa, mkata mkonge kutoka Tunduru, alinitania: "Shehe, ukiendelea hivi utaitafuta Kibla kwa tochi!"

Nilicheka. Laiti ningesikia!

Siku ya ishirini na tatu ya mfungo nilitoka uani na tochi yangu. Nikataka kujua kama mwanga utafika kwenye nyaya za kuanikia katani. Ukafika! Nikajaribu mbali zaidi. Nilipogeukia mashariki, macho yaliyojaa mwanga ule hayakuona ila giza. Nikasema, bado. Nikatia tende mdomoni, nikarudia mchezo wangu.

Macho yalipotulia, weupe ulikuwa umetanda, hata nguzo za nyaya naziona moja moja. Nyuma yangu watu walikuwa bado wanatafuna. Yaa Rabi! Nikalipiga debe kama aliyeona moto.

Issa akatoka na kikombe mkononi. "Mwalimu, mbona leo kumekucha ghafla?"

"Ramadhani ikikaribia kwisha huwa hivyo," nikamjibu. Mimi, ninayefundisha kwamba aliyekula baada ya alfajiri kuingia ana siku ya kulipa!

Sikuwaambia. Na hili ndilo linalonichoma zaidi: Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulipoingia, niliilipa siku yangu peke yangu, kimya kimya.

Nilipopata ujasiri wa kusema, Issa na wenzake walikuwa wamemaliza mkataba na kupanda lori kurudi kwao. Nilidandia lori la mbao hadi Mikumi nikiwaulizia. Walipita tangu juzi! Waliobaki kambini walinisamehe, Mungu awalipe kheri, lakini debe wamempa mtu mwingine. Nashukuru. Ni haki yao.

Enyi mnaoaminiwa na watu, msiache kitu kipya kiwapumbaze mkiwa kazini. Na mkikosea, semeni siku ile ile, kabla watu hawajatawanyika!

Nawe unayesoma gazeti hili huko kusini, wasomee jirani zako waliorudi kutoka mkonge wa Kilosa. Wao nao walipe siku moja ya saumu.

Issa, alfajiri ile haikuja ghafla. Nilichelewa mimi.