Kapona Nani?

Mtafiti wa viharusi vifupi, vile vinavyopita vyenyewe, hana subira na yeyote isipokuwa panya. Humlaza kwa dawa, humbana mshipa wa shingo kwa kibanio kidogo, humwachia upesi, kisha humkalia pembeni kama mama. Panya akisimama, wanafunzi hushangilia, naye huja juu: "Kapona nani? Kutembea ndiko kupona? Mpimeni ubongo!" Wimbo huo umemfika kooni dada anayefanya naye kazi.

Jana kibanio kilimponyoka mtafiti, mdomo ukapinda, ulimi ukawa mzito. Dada alipokuwa anahangaika kupiga simu hospitali, mdomo wa yule bwana ulinyooka, akakiokota kibanio, akakunja na kukunjua vidole, akacheka.

"Kata simu, dada. Si unaona nimeshapona?"

Dada alimsukumia kiti, simu ingali sikioni, akafoka: "Kapona nani?"