Mke Wangu Ndiye Aliyetengeneza Datsun, Sifa Nikachukua Mimi

Admin, nifiche kabisa, maana hapa Minnesota Wakenya tunajuana hadi rangi ya mapazia. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minne, nina mke na binti mmoja, tunaishi Blaine. Nafanya kazi group home, yaani nyumba ya kutunza wasiojiweza, mke wangu ni nesi. Kanisani mimi ni chairman wa wanaume. Najua mtanitukana. Nitukaneni, lakini mkimaliza mnisaidie.

Mwaka juzi tulinunua Datsun ya miaka ya sabini kutoka kwa mzee mmoja mzungu huko Champlin. Ilikuwa imeoza. Ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa snow ilikuwa imekula chini yote, na ukizungusha usukani, magurudumu yanafikiria kwanza ndiyo yageuke. Mimi niliipendea umbo tu. Mke wangu aliinama akachungulia chini, akainuka anatabasamu, akasema, "Baba Shiro, hii tunaiweza." Amekulia kwenye gereji ya baba yake Nakuru, na akishika spana utadhani ameshika mwiko.

Tukagawana kazi. Mimi rangi na viti. Yeye kila kitu cha chini: usukani, bushi, springi, shock, na breki zote. Winter nzima akitoka shift anakula, anavaa ovaroli, anaingia chini ya gari. Mimi kwenye breki kazi yangu ilikuwa moja. Wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba, nakaa kwenye kiti cha dereva, naye ananiamrisha kutoka kule chini: "Kanyaga. Shikilia. Usiachie! Haya, achia." Tulicheka sana. Sidhani tumewahi kupendana kama wakati ule.

Summer hii tukaenda nayo picnic ya kanisa. Wanaume wakaizunguka kama fisi walioona nyama. Mmoja akalala kabisa kwenye nyasi akachungulia. "Chairman, nani alikufanyia hii kazi safi?" Kabla sijajibu, mwingine akarusha mzaha, "Ama ni mama amekutengenezea?" Wakaangua kicheko. Mke wangu alikuwa amesimama hapo hapo, amenishikia sahani yangu ya nyama choma. Jameni, sijui ni pepo gani aliniingia. Nikacheka nao, nikasema, "Huyu? Huyu kazi yake ilikuwa kukanyaga breki nikimwambia kanyaga."

Binti yetu akafungua mdomo, "But Dad..." Mama yake akamshika bega. Akaweka sahani yangu juu ya bonnet, polepole, akaenda kukaa na wamama. Na mimi, badala ya kumfuata, nilibaki pale nikisifiwa. Mzee mmoja akaniomba gari libebe binti yake siku ya harusi, nikakubali nikijipiga kifua.

Nyumbani nikamwambia, "Ilikuwa tu story za wanaume." Akaniuliza, "Na ukweli haungekuwa story?" Nilitamani apige kelele, hakupiga.

Wiki chache baadaye gari likaanza kuvuta kushoto ukifunga breki. Nikamwambia. Akasema, "Waambie wale wanaume ukweli, hata kwa simu, na leo leo naingia chini." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliniuma. Kiburi kikanipanda. Nikamwambia nitajifanyia.

Nikafungua breki za mbele, pande zote mbili kwa wakati mmoja. Yeye hufungua upande mmoja, anaacha ule mwingine wa kuangalizia. Nilikuwa nimemwona mara nyingi, lakini akili yangu ilikuwa kwenye rangi. Nikafunga nikijisifu. Nikakanyaga pedali, ikaenda hadi chini. Nikaanza kutoa hewa peke yangu: nakanyaga, naruka nje, nafungua nati ya hewa, narudi mbio. Mtu mzima! Mafuta ya breki yalimwagika hadi yakaisha na pedali bado ni laini. Njia ya mwongo ni fupi kweli, na harusi ni Jumamosi hii.

Juzi mke wangu akiwa kazini, nikaita lori la kubeba magari, nikapeleka Datsun gereji moja New Hope. Fundi mzungu akaiinua, akapita chini na taa. Halafu akasema aliyefanya usukani na suspension ana mkono mzuri, hata yeye angemwajiri kesho. Alipofika kwenye breki akacheka. Ya kushoto ilikuwa imefungwa kulia na ya kulia kushoto, kwa hivyo zile nati ndogo za kutolea hewa zilikuwa zimeangalia chini. Hewa hupanda juu, sasa ingetokea wapi? Akasema, "Hawa ni watu wawili tofauti. Wewe ulifanya ipi?"

Huyo mtu hanijui. Hajui kanisa letu, wala hajui mimi ni chairman wa nini. Hakuna mwanaume mwingine aliyekuwa pale wa kunicheka. Nikamjibu, "Usukani na huko kote ni mimi. Breki alijaribu mke wangu."

Akatikisa kichwa kunihurumia. Akanishauri nisimruhusu tena.

Gari limerudi nyumbani, breki zinashika, harusi itaenda sawa. Mke wangu ameliona na hajaniuliza kitu. Ile ya picnic nafikiri ninaweza kusimama mbele ya wanaume Jumapili niikiri, wanicheke yaishe. Lakini hii ya New Hope inajulikana na mimi na ninyi tu, na ndiyo inanikosesha usingizi. Nikimwambia, nimemvunja moyo mara ya pili. Nikinyamaza, nitakuwa nalala na mtu ambaye nimemsingizia kwa mgeni bila hata kulazimishwa. Nishaurini wenzangu, nifanye nini? Tafadhali msiniambie tu niombe msamaha, maana siku hizi naogopa mdomo wangu mwenyewe.