Maziwa ya Asheri na Gia ya Pili

Asheri wa Vudee alijifunza kuendesha pikipiki akiwa na wajukuu watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyekubali kupanda nyuma yake mara ya pili.

Pikipiki yenyewe aliletewa na binti yake Rosemary, aliyeolewa Moshi, ili mzee aache kuning'inia kwenye lori la mboga kila asubuhi akipeleka maziwa Same. Kwa miaka mingi dumu la Asheri lilikuwa likishuka mlima hadi kwenye mgahawa wa Mwanahalima, karibu na stendi, na madereva wa malori walikuwa wanasimama pale kwa ajili ya chai ile tu. Mtu akisema maziwa ya Vudee, stendi nzima inajua ni ya Asheri. Hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukubali.

Basi, kupanda mlima aliweza, kwa kelele. Shida ilikuwa kushuka. Asheri ni Mpare, na hakuona kwa nini mashine inywe mafuta wakati mlima wenyewe unaisukuma bure. Akifika kwenye mteremko anazima injini, anaiweka fri, anateleza kimya kama mwewe, koti linapepea nyuma, raha mustarehe. Ikitokea kona ya mawe au mwinuko mdogo, hapo ndipo anapoikumbuka injini. Anakanyaga gia kwa gambuti kama anayeua nge, anaachia klachi puu! Pikipiki inarusha kichwa kama ndama aliyevutwa mkia, na dumu huko nyuma, chubwi, chubwi, chubwi, mpaka Same.

Siku ya Jumatano Mwanahalima alimngoja mlangoni na chujio mkononi.

"Shikamoo, mzee Asheri."

"Marahaba, mwanangu. Mbona chujio leo linanipokea?"

"Hebu litazame." Ndani yake kulikuwa na vidonge vya siagi, vya manjano, vimeshikana vizuri kabisa. "Ni ya maziwa yako ya jana. Wateja wananywa chai midomo inang'aa kama wametoka kula mshikaki. Kuna dereva ameniuliza hii ni chai au supu."

"Ng'ombe wangu wanakula majani mazuri," alisema Asheri.

"Walikuwa wanakula majani hayo hayo ulipokuwa unakuja na lori. Mzee wangu, nakuheshimu sana. Kesho nitavumilia, lakini Ijumaa ukiniletea tena hivi, kuanzia Jumapili nachukua kwa yule bwana wa Kwakoa. Ameshakuja kunibembeleza."

Asheri akatoka nje amenywea. Pale kwenye kijiwe cha bodaboda alikuwepo Nassoro, Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja zamani kukata mkonge, naye masikio yake hayapitwi na neno.

"Nyie Wapare!" alicheka. "Umebana mafuta mpaka maziwa yameganda! Mzee wangu, usizime injini mteremkoni. Weka gia ya pili, mashine yenyewe ikushikilie. Na ukitaka kupangua gia, bana klachi, pandisha resi kidogo, shusha gia, kisha klachi uiachie taratibu. Taratibu, kama unamlaza mtoto aliyesumbua."

"Na mafuta?"

"Mafuta yatakwisha, mzee. Yaliumbwa yaishe."

Jioni, mbele ya sahani ya makande, ilibidi amweleze mkewe Esta. Esta aliacha kula, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Mimi natikisa kibuyu asubuhi nzima mpaka mkono unakufa ganzi, kumbe mume wangu anasuka siagi kwa mguu!"

"Unacheka, na tunanyang'anywa mteja."

Esta akaisogeza sahani kando. Kisha akasema, "Kesho napanda mimi. Huo mshindo wa maziwa naujua kwa masikio, nitakwambia."

Alhamisi, Asheri aliporudi kutoka Same na dumu tupu, walilijaza maji nusu, wakalifunga nyuma, Esta akajibana katikati. Kabla hawajapita kona ya kwanza Asheri aliachia klachi kwa pupa. Helmeti ya Esta ikagonga ya kwake, ko!

"Siagi!" alipiga kelele Esta.

Kona ya pili, ko! "Siagi!" Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage wakainua migongo kutazama. Mara ya tatu nao wakaitikia kwa pamoja, "Siagiii!" Asheri alitamani ardhi impokee.

"Mama Rosemary, punguza sauti."

"Punguza wewe mguu, Baba Rosemary."

Wakaendelea hivyo, kupanda na kushuka kipande kile kile, mpaka jua likazama na helmeti zikaanza kugongana mara moja moja tu.

Ijumaa walishuka na maziwa yenyewe, Esta akiwa nyuma. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Walipofika kwenye ule mteremko mrefu unaoonyesha mashamba ya mkonge chini kabisa, mkono wa Asheri ulitoka wenyewe kuelekea kwenye ufunguo. Mazoea.

"Mkono!" alisema Esta.

Mkono ukarudi. Gia ya pili ikaingia, injini ikanguruma chini chini, ikawashikilia. Asheri alisikia kila tone la mafuta likiungua, na kila tone lilimuuma. Kona ya mawe ikaja. Akabana klachi, akapandisha resi, akashusha, akaachia polepole, meno ameyauma. Akangoja kusikia lile neno.

Kimya.

Kona nyingine, kimya. Akaingiwa na wasiwasi kwamba amemwangusha mke njiani. Alipogeuza shingo, alimwona Esta anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, macho ameyafumba.

Mgahawani Mwanahalima alilipokea dumu. Aliyamimina maziwa polepole kwenye chujio, akaligonga ukingoni, akaligeuza kwenye mwanga. Safi. Akapika nayo chai kidogo, akamimina kikombeni, akatazama juu ya chai kwa makini kama anayetafuta sindano.

"Haya," alisema. "Wa Kwakoa nitamwambia asijisumbue."

Asheri akashusha pumzi. Huko nje Nassoro akapiga honi ndefu. Lakini Mwanahalima aliendelea kushika chujio, akilitazama kama mtu aliyepotelewa.

"Sasa, mzee, ile siagi... nilikuwa nakandia unga wa chapati. Watu wamezizoea. Huwezi ukawa unaniletea hata kidogo, siku moja moja?"

Asheri alifungua kinywa, mguu wake wa kushoto ukiwa tayari umeanza kuchezacheza.

"Siagi nitakuletea mimi," alidakia Esta, "ya kibuyu. Huyu aendeshe pikipiki."