Lori la Parachichi za Ihanda

Ukimwona Enesi amejiinamia mbele ya kompyuta, usidhani ni mpole. Binti huyu wa Ihanda ni mbishi, na akianza jambo halali mpaka limkubali. Ndivyo alivyozaliwa, tufanyeje?

Kwa miaka minne alijaza hati za mizigo katika ofisi ya wakala wa forodha hapo Tunduma. Bosi wake, mzee Raphaeli, hakuwa na mchezo na karatasi. "Hati iliyogongwa muhuri haiguswi!" alikuwa akifoka. "Ukikosea, andika nyingine!" Enesi akachoka kuandika nyingine. Akajifunza kutengeneza programu kwenye kompyuta chakavu ya ofisi, hadi mzee mwenyewe akasalimu amri: "Haya fundi, tutengenezee mfumo." Mfumo utume taarifa za lori kwenye yadi ya mizigo upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia, nayo yadi irudishe namba ya kuingilia. Bila namba hiyo, lori linabaki kwenye foleni.

Mwanzoni Enesi aliunga ujumbe wake kwa kubandika maneno tu. Loo, ulikataliwa huo! Ujumbe wa mtandao una adabu zake: mstari wa kwanza useme unataka nini, vichwa vinavyofuata vieleze wewe ni nani na umebeba nini, uachwe mstari mtupu, ndipo uje mzigo wenyewe. Ukiruka kimoja, husikilizwi. Basi akachukua laibrari, yaani programu iliyokwisha kuandikwa na wengine, inayotengeneza ujumbe kwa kufuata kanuni zinazokubalika dunia nzima. Akajiona amemaliza.

Lori la kwanza la mfumo huo lilibeba parachichi za kikundi cha akina mama wa Ihanda. Na mwenyekiti wao ni nani? Yunisi, mama yake mzazi! Enesi ndiye aliyewaambia wajaribu soko la ng'ambo, akawaapia kwamba hawatakwama mpakani. Kontena la baridi la mnunuzi lingeondoka Nakonde saa kumi jioni. Wakichelewa, mavuno ya msimu mzima yangeivia barabarani.

Saa sita mchana lori lilikuwa limesimama kwenye foleni pale Chapwa, kabla ya mpaka, mama Yunisi yumo ndani pembeni ya dereva. Enesi akatuma ujumbe. Yadi ikajibu: hujajitambulisha. Akatazama programu yake. Mbona ameiagiza laibrari iongeze kitambulisho? Mstari si huu hapa? Akatuma tena. Hujajitambulisha. Mara kumi na moja! Jasho likamtoka. Mficha uchi hazai, lakini yeye alimficha mzee Raphaeli, akimwambia mtandao uko chini. Aliona aibu, basi.

Saa nane na nusu, kelele zikazuka kaunta. Dereva mmoja Mzambia alikuwa amerudishwa getini kwa sababu namba ya tela lake ilikosewa.

"Boazi!" Raphaeli alimgeukia karani. "Si nilikwambia uandike hati mpya?"

"Niliandika, mzee. Hii hapa mezani."

"Ipo mezani! Na huyu baba umempa ipi?"

Boazi akashika kichwa. "Nimempa ile ya zamani."

"Jamani!" Enesi aliruka kitini, wote wakamtazama. "Mzee, nisamehe. Mtandao uko sawa. Mimi ndiye Boazi!"

Laibrari ile ilikuwa na msimamo uleule wa mzee: ujumbe uliokwisha kutengenezwa hauguswi. Ukitaka kuongeza kichwa, inakuandikia mwingine wenye kichwa hicho na kukukabidhi. Enesi hakuupokea. Kila mara alikuwa akituma ule wa kwanza, usio na kitambulisho. Akarekebisha mstari mmoja tu. Akatuma.

Namba ikarudi.

Raphaeli akasema, "Miaka minne nakufokea, kumbe ulikuwa husikii." Halafu akacheka mpaka akavua miwani.

Saa kumi kasorobo simu ya Enesi ikaita. Ni mama.

"Tumeingia, mwanangu! Wanahamishia mzigo kwenye kontena sasa hivi!"

Enesi alikaa chini. Alifurahi hata machozi yakamlengalenga.

"Ila sikiliza," mama akashusha sauti. "Wenzangu walinipigia sana tulipokwama. Nimewaambia mimi ndiye niliyechelewa kufunga mzigo. Na wewe ukiulizwa, useme hivyohivyo. Sitaki waseme mtoto wangu hajui kazi."

Mama huyu, anayeamka kabla ya jogoo, kuitwa mzembe kwa ajili yake!

"Hapana, mama. Kosa lilikuwa langu, na nimelipata mwenyewe. Jumapili nakuja Ihanda. Baada ya ibada, nitasimama niwaambie."

"Basi njoo," mama akasema. "Nitakaa kiti cha mbele, nikusikie vizuri."